Siku Usiyomwona Pia Iandike

Mama yangu alifuga ng'ombe wawili wa maziwa kule Tukuyu, na ukuta wa banda lake ulijaa mistari ya mkaa. Ng'ombe akionyesha joto, yaani dalili za kutaka dume, mama alichora mstari na kuandika tarehe pembeni. Zikifika siku 18 alianza kuamka usiku na tochi kwenda kuchungulia, maana mzunguko wa ng'ombe ni siku 21 hivi na joto lenyewe halimalizi hata siku nzima. Akimkuta mmoja ametulia huku anapandwa na mwenzake asubuhi, alinituma kwa mhimilishaji, mtaalamu wa kuwapandikiza ng'ombe mbegu, ili aje jioni. Akimkuta jioni, mhimilishaji aje kesho yake asubuhi. Nilikuwa darasa la tano. Nimekimbia sana na kijikaratasi mkononi kwenye utelezi wa Rungwe, huku mama akipiga kelele nyuma yangu kwamba tukichelewa tumepoteza wiki tatu za maziwa.

Leo kazi yangu ni kuchunguza uzazi wa nyani, kima na jamaa zao katika nyanda hizi za kusini, na kila mwaka napokea vijana wawili watatu wa shahada ya kwanza au uzamili wanaokuja kujifunza. Wengi wanakuja na hamu ya maabara, ya homoni na mashine. Wadogo zangu, maabara tutafika. Lakini wiki ya kwanza huwa nawasimulia habari za ule ukuta, kwa sababu tangu niingie katika fani hii sijapata mwalimu aliyenifundisha jambo kubwa kuliko lililokuwa limeandikwa pale kwa mkaa: uzazi ni hesabu ya siku, na siku iliyopita bila kuandikwa hairudi.

Chukua nyani wa manjano, huyu unayemkuta Hifadhi ya Ruaha ukitokea Iringa kupitia Tungamalenga. Jike lake lina mzunguko wa siku 33 hivi. Estrojeni, homoni ya kike inayopanda yai likikomaa, inapoongezeka, ngozi ya makalio inajaa maji na kuvimba siku hadi siku, mpaka inang'aa na kuonekana toka ng'ambo ya mto. Yai linapevuka kuelekea mwisho wa uvimbe huo. Projesteroni, homoni inayotawala baada ya yai kutoka, ikishika zamu, uvimbe unanywea ndani ya siku chache na ngozi inabaki na mikunjo. Ile siku ya kwanza ya kunywea ndiyo tunayoifungia hesabu zote, kwa kuwa tunajua yai limetoka siku chache tu kabla yake. Asiposhika mimba, anapata hedhi kama mwanamke anavyopata. Akishika, uvimbe haurudi, na ngozi iliyo kando ya zile sugu za makalio inaanza kubadilika kutoka kijivu cheusi kuwa nyekundu ya waridi. Miezi sita hivi baadaye unamwona ameshika kitoto cheusi chenye uso wa waridi.

Yote haya unayaona kwa darubini, bila kumgusa mnyama. Kila asubuhi unampa kila jike alama, kuanzia 0 kwa asiye na uvimbe kabisa hadi 3 au 4 kwa aliyevimba mpaka mwisho, kutegemea kipimo mlichokubaliana. Inaonekana kazi rahisi, na hapo ndipo mimi nilipoanguka.

Mwaka wangu wa kwanza kulikuwa na majike kumi na moja kwenye daftari langu. Machi mvua zikakata njia, gari likakwama, na kwa siku tisa hatukulifikia kundi. Nilipoanza kujaza jedwali kwenye kompyuta, zile nafasi tupu zilinikera macho. Nikaweka 0. Sikuwa na nia ya kudanganya; niliona kama 0 na "hakuna" ni kitu kimoja. Miezi mitano baadaye msimamizi wangu akakaa na jedwali lile, akaweka kidole juu ya jike mmoja tuliyemwita Chausiku, akaniuliza kwa upole kabisa: "Hapa uliona sifuri, au hukuona?"

Sikuweza kumjibu. Katika jedwali langu Chausiku alikuwa na mzunguko mmoja mrefu mno, zaidi ya siku 60. Inawezekana alishika mimba ikaharibika mapema. Inawezekana pia alifika kilele cha uvimbe na kunywea kama kawaida ndani ya zile siku tisa, wakati mimi nafua nguo kambini. Mambo hayo mawili yana maana tofauti kabisa katika utafiti wa uzazi: la kwanza ni mimba iliyopotea, la pili ni mwezi wa kawaida. Tukamtoa Chausiku kwenye uchambuzi, yeye na wenzake wawili. Robo ya kazi ya mwaka mzima ilikwenda kwa sababu ya sifuri ambazo sikuziona.

Tangu siku hiyo daftari zetu zina alama tatu. 0 maana yake nimemwona, hana uvimbe. Mstari maana yake kundi tulikuwa nalo ila yeye sikumwona. X maana yake hatukulifikia kundi. Ukija kwangu na nafasi tupu nitakurudisha ukaijaze ukiwa bado unakumbuka, na kama hukumbuki utaandika hivyohivyo kuwa hukumbuki. Watu wanadhani huu ni ukali wa mwalimu. Kule Amboseli nchini Kenya wamekuwa wakiwafuatilia nyani hawa wa manjano tangu 1971, mama kwa binti kwa mjukuu, na ndiyo sababu waliweza kuonyesha kwamba miezi ya ukame na joto kali hupunguza uwezekano wa majike kushika mimba. Huwezi kuliona jambo la namna hiyo kwa daftari lenye mapengo. Na sisi tulio na Mto Ruaha Mkuu, ambao tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi, tuna sababu zote za kutaka kujua ukame unawafanyia nini majike wetu.

Jambo jingine linahusu macho. Alama 2 yangu na alama 2 yako si lazima ziwe sawa. Wiki mbili za mwanzo tunawaandikia majike walewale, kila mtu daftari lake, bila kuchunguliana, kisha jioni tunalinganisha. Mpaka tukubaliane karibu kila mara, alama zako haziingii kwenye kumbukumbu. Kuna kijana aliona amedharauliwa. Nilimweleza kwamba hata mimi nikirudi kutoka likizo naanza upya na zoezi hilohilo, na ni kweli huwa nafanya hivyo.

Sasa tuje kwenye choo, maana ndiyo kazi itakayokula asubuhi zako nyingi. Mabaki ya homoni hutoka mwilini kwa mkojo na kinyesi, kwa hiyo tunaweza kusoma mwendo wa estrojeni na projesteroni bila sindano, bila mtego, bila kumpiga mnyama dawa ya usingizi. Unalifuata jike unalolijua kwa sura: sikio lililochanika, mkia uliopinda, kovu la mdomoni. Ikibidi unasubiri saa tatu nzima. Anapojisaidia, huendi hapohapo. Unasubiri asogee na wenzake wasogee, macho yako yasibanduke pale chini, kwa sababu dakika mbili baadaye kutakuwa na vinyesi vinne na hutajua kipi ni cha nani. Kama huna uhakika, kiache. Sampuli yenye jina la kukisia ni mbaya kuliko kukosa sampuli.

Ukikifikia, vaa glovu, tafuta jiti safi, koroga kinyesi chote ili homoni zisiwe zimejikusanya upande mmoja, toa mbegu na nyuzi za majani, epuka sehemu iliyolowa mkojo. Chukua kiasi kidogo, kama punje kubwa ya harage, weka kwenye kichupa chenye ethanoli (spiriti ya maabara), funga, tikisa. Tunajipa nusu saa tangu kianguke, kwa kuwa bakteria hawachelewi kuanza kuzivunja zile homoni. Halafu lebo, na hapa naomba unisikilize sana: andika kwa penseli. Wino wa kalamu na ethanoli haviishi nyumba moja. Kichupa kikivuja tone moja tu, jina, tarehe na saa vinayeyuka mbele ya macho yako na kubaki doa la buluu. Penseli nje, na kikaratasi kingine cha penseli ndani ya mfuko. Nimewahi kumwona dada mmoja, mtafiti mzuri kuliko wengi, amekaa juu ya gogo ameshika vichupa sita vyenye madoa ya buluu, anavigeuza kimoja kimoja kwenye mwanga kama herufi zingeweza kurudi.

Kumbuka pia kwamba kinyesi kinachelewa. Ulichookota leo kinasimulia yaliyotokea mwilini jana au juzi. Usipolipa hilo nafasi katika hesabu, utakuta yai "limepevuka" baada ya uvimbe kunywea, na utahangaika bure kutafuta maelezo.

Maabara nitaipitia kwa mambo mawili tu, mengine utafundishwa na mafundi wenyewe.

La kwanza ni kuhakiki kipimo. Vifaa vingi vya kupimia homoni vilitengenezwa kwa ajili ya damu ya binadamu. Ukivitumia kwa kinyesi cha nyani vitakupa namba, vizuri kabisa, zenye desimali. Namba hizo zinaweza zisiwe na maana yoyote. Kwa hiyo kabla ya sampuli za utafiti, chukua mchanganyiko wa sampuli chache, uzimue hatua kwa hatua, uone kama mstari wake unakwenda sambamba na ule wa kipimo chenyewe. Kisha pima jike ambaye unajua kwa macho kuwa ana mimba kubwa, na mwingine anayenyonyesha kichanga. Kama projesteroni ya mwenye mimba haijapanda juu kabisa ya huyo mwingine, simama, kuna kasoro. Baada ya hapo kila sampuli inapimwa mara mbili, na majibu mawili yakipishana sana inarudiwa.

Huwa nawakumbusha vijana kwamba mtoto wa kwanza wa binadamu aliyetungwa nje ya mwili, Louise Brown, alizaliwa Uingereza Julai 1978, na kima wa kwanza aina ya rhesus, yule wa Asia, kupatikana kwa njia hiyo alifuata miaka kadhaa baadaye huko Marekani. Binadamu alitangulia. Usimchukulie kima kuwa ni mtu mdogo aliyerahisishwa; mwili wake una taratibu zake na unataka ujifunze upya.

La pili ni umeme. Niliwahi kuhifadhi sampuli za miezi minne kwenye friza ya taasisi moja iliyonikaribisha. Umeme ulikatika Ijumaa jioni, jenereta halikuwa na mafuta, na hakuna aliyekuwa na namba yangu ya simu. Jumatatu nilikuta maji yametuama chini ya mlango. Tangu hapo sampuli za kila jike nazigawa mafungu mawili na kuzihifadhi sehemu mbili, na friza yoyote yenye kazi yangu ina karatasi mlangoni yenye namba tatu za simu. Fanya hivyo siku ya kwanza. Usisubiri yakukute.

Kutoka Ruaha nilihamia misituni, na huko nikajifunza kwamba mwenyeji ana daftari lake kichwani. Ngolaga, yule kima wa milima ya Udzungwa anayejulikana pia kwa jina la Sanje, aliingia kwenye vitabu vya sayansi baada ya 1979, wakati wenyeji walikuwa na jina lake siku zote. Kipunji, kima wa Mlima Rungwe na Kitulo, ndivyo hivyohivyo. Watafiti walikuwa wakisikia habari zake kwa wawindaji wa Kinyakyusa kabla ya kumwona kwa macho yao 2003. Mwaka uliofuata akaonekana pia msitu wa Ndundulu upande wa Udzungwa, 2005 akatangazwa, na 2006 ikabainika kuwa anastahili jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake la ukoo, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu 1923. Kijijini kwetu jina lilikuwepo. Mzee mmoja aliyewahi kuwinda, sasa anatuongoza msituni, alinisikiliza nikieleza habari za majira ya kuzaa, akasema, "Binti, wewe unauliza wanazaa lini. Uliza kwanza wanakula nini mwezi huo." Niliandika maneno yake na ndiyo yamekuwa mpango wa kazi yangu ya sasa.

Misitu ilinifundisha pia kutobeba kipimo cha mnyama mmoja kwenda kwa mwingine. Ngolaga jike huweza kuvimba makalio hata baada ya kushika mimba. Mtu aliyezoea nyani wa Ruaha ataandika kwa ujasiri kwamba jike huyu hajashika mimba, na atakuwa amekosea. Hapo ndipo kinyesi kinapokuja kuamua ugomvi.

Kwa kipunji mambo ni magumu zaidi. Anakaa juu kwenye miti, mvua ya Rungwe inaosha kila kinachoanguka, na katikati ya ukungu kumtofautisha jike na jike ni kazi ya miezi. Anayeanza namshauri aache ndoto za homoni kwanza ahesabu watoto: majike wazima wangapi, vichanga wangapi, mwezi gani, kundi gani. Hesabu ya sensa iliyochapishwa 2008 ilikuwa kipunji 1,117 duniani kote, yaani katika vipande hivi vyetu vya msitu. Mnyama anayezaa mtoto mmoja kwa wakati, katika idadi kama hiyo, kila kichanga ni habari. Mkulima akitega mtego kwenye shamba la mahindi na ukamnasa jike, hatujapoteza mmoja. Tumepoteza na wale wote ambao angewazaa. Mimi hili linaniuma, na sioni haya kusema mbele ya wanafunzi kwamba linaniuma.

Kwa hiyo pia, ukiwa na mafua au kikohozi huingii msituni. Hakuna mjadala. Magonjwa yetu ya kifua yanaweza kuwaingia, na hakuna data yenye thamani ya kuliambukiza kundi zima.

Vibali: anza mapema kuliko unavyodhani. Kuna COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), kuna TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), kuna TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) kama ni hifadhi ya taifa au TFS (wakala wa misitu) kama ni msitu wa hifadhi, kisha mkoa, wilaya na kijiji. Barua ya kijiji usiitume kwa mtu. Ipeleke mwenyewe, ukae na mwenyekiti na mtendaji, ueleze unachotafuta kwa lugha ya kawaida. Ukishindwa kueleza pale, bado hujauelewa utafiti wako.

Mkiwa kijijini mtaulizwa jambo ambalo hakuna chuo kinachowaandaa kulijibu. Mara ya kwanza mimi niliulizwa Isongole, nikiwa nimeketi nje ya nyumba tuliyopanga, napanga vichupa. Mama mmoja mtu mzima alikuja, nikamwamkia, akaitikia na kukaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, nasikia ninyi mnajua mambo ya uzazi. Binti yangu ana miaka minne kwenye ndoa. Kwa mumewe wameanza kumwita tasa."

Usicheke, usibabaike, na usijifanye daktari. Sikuwa na dawa na nilimwambia hivyo. Ila yapo tunayoyajua, na kumnyima ingekuwa uchoyo. Nilimwambia kwamba mwaka mmoja wa kujaribu bila mafanikio unatosha kwenda hospitali, hakuna haja ya kungoja minne. Kwamba Shirika la Afya Duniani lilieleza 2023 kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya sita hupitia tatizo hili maishani, hivyo binti yake hajalaaniwa. Kwamba siku za kushika mimba ni kama sita tu katika mzunguko, zinazoishia siku yai linapotoka. Na kwamba mara nyingi tatizo liko kwa mwanamume, au kwa wote wawili, kwa hiyo wapimwe wote. Hapo mama aliinua kichwa. "Hilo la mwisho," akasema, "utakuja kulisema wewe mbele ya mkwe wangu?"

Nikaenda Jumapili, na yule mzee wetu wa msituni akafuatana nami, kwa kuwa kuna maneno ambayo mwanamume huyapokea vizuri zaidi kwa mwanamume mwenzake aliyemzidi umri. Tulikunywa chai. Mzee alizungumza zaidi kuliko mimi, na alianza mbali, kwa habari za ng'ombe: kwamba mfugaji mwenye akili, ng'ombe wake wakikosa mimba mara kwa mara, huwa anamkagua na dume. Yule kijana alikaa anatazama kikombe chake. Mwisho akauliza kama Mbeya kuna mahali wanapopima bila watu wa kijijini kujua. Nikamwandikia maelekezo kwenye ukurasa wa daftari langu la kipunji, kwa penseli, nikauchana nikampa.

Mnaokuja Juni: Rungwe ni baridi kali asubuhi na Ruaha mchana jua linachoma, mbebe nguo za pande zote mbili. Daftari lenye jalada gumu, penseli tatu, kichongeo. Siku ya kwanza tutatoka saa 11 alfajiri, na hamtaokota kitu chochote kwa wiki mbili. Mtakaa chini na kujifunza sura za majike.